Mazungumzo ya Juma: Mwigizaji na Kazi Aliyoikataa

Katika ukurasa huu aghalabu tunazungumza juu ya kazi ambazo watu wamezifanya wakasifiwa. Juma hili tuzungumze juu ya kazi ambayo mtu hakuifanya. Mtu mwenyewe ni Sidney Poitier, mwigizaji wa sinema aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki dunia tarehe 6 Januari 2022. Wazee wetu wengi walimtazama katika majumba ya sinema enzi za ujana wao. Vijana wa leo, wakimjua, wanamjua kwa jina tu.

Katikati ya miaka ya 1950, kabla sifa zake hazijaenea duniani, Poitier aliitwa na wakala mmoja mashuhuri wa waigizaji mjini New York, Bwana Martin Baum, akapewa maandishi ya filamu akayasome. Nafasi aliyotakiwa kuishika ilikuwa ya baba mmoja mweusi, mfagizi katika nyumba ya kamari. Baba huyo ameona uovu ukitendeka. Wahalifu wanataka kumfumba mdomo. Wanamuua binti yake mdogo na kuutupa mwili wake kwenye majani mbele ya nyumba yake. Naye baba, kama maandishi yale yalivyokuwa, ananyamaza. Halii mbele ya watu, hanyanyui mkono, hamwendei mtu yeyote. Hadithi inampita na kuendelea na shughuli za wengine.

Poitier aliyarudisha maandishi akasema kwamba kazi ile hawezi kuifanya. Wakala alistaajabu. Maandishi hayakuwa na neno hata moja la kumtusi mtu mweusi. Mshahara ulikuwa mzuri. Na aliyekuwa akikataa hakuwa mtu wa kukataa. Filamu alizokwisha kuigiza zilikuwa chache, na kati ya filamu moja na nyingine alihangaika kama mtu mwingine yeyote, hata akashirikiana na mwenziwe kuuza nyama ya mbavu katika mgahawa mdogo huko Harlem. Isitoshe, wakati huohuo mkewe alikuwa anajifungua mtoto wao wa pili, na hospitali ilikuwa inadai malipo yake. Kwa kadiri alivyosimulia mwenyewe baadaye, alitoka kwa wakala akaenda moja kwa moja katika ofisi ya wakopeshaji, akaweka rehani samani za nyumbani kwake, akapata dola 75 za kulipa hospitali.

Baum alitaka sana kujua sababu. Poitier hakumpa jibu siku ile. Alikuja kulitoa miaka mingi baadaye, nalo lilikuwa fupi: alipokuwa akisoma habari za yule mfagizi, alimwona baba yake mzazi, mzee Reginald Poitier, mkulima wa nyanya katika visiwa vya Bahama. Alijua kwa yakini kwamba mzee Reginald, kwa umaskini wake wote, asingalikaa kimya mwili wa mwanawe ukiwa umelala nje.

Lakini ndugu msomaji, hapa pana fundo, nami sipendi tulipite haraka kama wafanyavyo wasifu wake wengi. Mzee huyohuyo Reginald alimfundisha mwanawe kwamba uanaume wa mtu hupimwa kwa namna anavyowatunza watoto wake. Basi hapa mafunzo mawili ya baba mmoja yalikuwa yanavutana. Heshima ya baba ilimtaka akatae. Kipimo cha baba kilimtaka akubali, achukue mshahara, alipe hospitali na kumfuata mtoto. Poitier alichagua heshima, na kipimo akakitimiza kwa njia ngumu zaidi, yaani kwa deni. Tusisahau pia kwamba viti vilivyowekwa rehani havikuwa vya mwigizaji peke yake. Vilikuwa vya mama aliyekuwa kitandani hospitalini, na vya watoto wawili ambao hakuna aliyewauliza. Wanaousifu msimamo wa wasanii wangefaa nyakati nyingine kutaja na jina la anayeulipia. Katika nyumba hii mmoja wao aliitwa Juanita.

Baada ya miezi kadhaa Baum alimwita tena. Hakuwa na filamu ya kumpa. Alimwambia kwamba, ingawa hakuelewa ni kitu gani kilichomfanya aikatae ile kazi, mtu wa namna hiyo angependa kumsimamia. Urafiki na ushirikiano wao ulidumu miongo mingi.

Ili tuione thamani ya alichokikataa, yafaa tujue alikipata vipi alichokuwa nacho. Poitier alizaliwa Miami, Marekani, kabla miezi yake haijatimia, wazazi wake walipokuwa wamevuka bahari kupeleka nyanya sokoni. Utoto wake ulipita Cat Island, kisiwa cha Bahama kisichokuwa na umeme, na shati lake lilishonwa kwa gunia la unga. Shule aliionja tu. Akiwa na umri wa miaka 15 alipelekwa kwa kaka yake Miami, na muda si muda akajikuta New York akiosha vyombo mikahawani. Siku moja aliona gazetini tangazo la kutafuta waigizaji, akaenda Harlem katika kikundi kilichoitwa American Negro Theatre. Akapewa kitabu asome. Alisoma kwa kudonoa silabi moja moja, tena kwa lafudhi nzito ya visiwani. Aliyekuwa akimjaribu hakumwacha amalize. Alimnyang'anya kitabu, akamsukuma hadi mlangoni, akamwambia akatafute kazi ya kuosha vyombo.

Kilichomchoma si kufukuzwa. Ni kwamba hakumwambia mtu yeyote mle ndani kuwa kuosha vyombo ndiyo kazi yake. Alijiuliza njia nzima: ameniona wapi? Imeandikwa wapi usoni pangu? Akaazimia kuwa mwigizaji. Mapenzi ya sanaa hayakuwamo bado. Alitaka tu kumwonyesha bwana yule kwamba amekosea.

Alinunua redio ndogo. Kwa miezi kadhaa, kila alipotoka kazini, alikaa nayo akiwafuatisha watangazaji neno kwa neno, mpaka lafudhi ya kisiwani ikalegea. Kusoma nako alikupata kwa namna ya ajabu. Mhudumu mmoja mzee, Myahudi, katika mkahawa aliokuwa akioshea vyombo, alimwona akihangaika na gazeti. Usiku baada ya usiku, wateja wakiisha kuondoka, mzee yule alikaa naye mezani akamwonyesha neno refu hukatwa vipi, na alama ya mkato kazi yake ni nini. Kisha kijana akarudi kulekule alikofukuzwa, akaomba awe mfagizi wa jumba bila mshahara ili aruhusiwe kuhudhuria masomo. Wakakubali. Usiku mmoja Harry Belafonte, aliyekuwa na nafasi katika mchezo, hakuweza kufika. Naye pia alikuwa na kibarua cha usafi mahali pengine. Poitier akapanda jukwaani badala yake, mwongozaji mmoja akamwona, na mwaka 1946 akawa Broadway.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu watu hudhani kwamba kipaji cha mwigizaji ni uso mzuri na sauti ya kupendeza. Sauti ile ya Poitier, nzito na ya taratibu, ambayo kila neno lake lilitamkwa kana kwamba limekatwa kwa kisu, haikuwa ya kuzaliwa nayo. Ilijengwa jikoni mwa mkahawa na mbele ya redio. Tena hakuwa na vipaji vyote. Katika filamu ya Lilies of the Field ya mwaka 1963, wimbo unaosikika akiwaimbisha watawa uliimbwa na mtu mwingine, Jester Hairston, kwani Poitier hakujaliwa sikio la muziki hata kidogo. Filamu hiyo ilikuwa ya fedha chache, ikapigwa kwa muda wa majuma mawili hivi. Yeye alipunguza ujira wake akakubali kungoja sehemu ya mapato. Ndiyo iliyompatia tuzo ya Oscar mwezi Aprili mwaka 1964, mtu mweusi wa kwanza kuipata kama mwigizaji mkuu wa kiume. Miaka 38 ilipita kabla ya wa pili, Denzel Washington, kuipokea mwaka 2002.

Baada ya kupata umaarufu aliendelea na masomo, katika darasa la Paul Mann na Lloyd Richards. Richards huyo ndiye aliyeongoza mchezo wa Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, uliofunguliwa Broadway tarehe 11 Machi 1959. Nawashauri akina mama na akina baba wanaosoma ukurasa huu waitafute filamu yake ya mwaka 1961, maana ni hadithi ya nyumba hasa. Baba amefariki na kuacha dola 10,000 za bima. Mama anataka nyumba yenye nafasi na jua. Mwana, Walter Lee, dereva wa tajiri, anataka kufungua duka la vileo. Anakabidhiwa sehemu kubwa ya fedha, na tapeli anatoroka nayo. Wazungu wa mtaa wanakohamia wanatuma mtu kuja kuwalipa ili wasihamie, naye Walter Lee, aliyekwisha kudhalilika, anakusudia kuzichukua fedha hizo. Mama anataka mjukuu wake abaki pale atazame baba yake anavyofanya. Mbele ya mtoto yule, Walter Lee anashindwa kuzipokea.

Poitier alishikilia kwamba mchezo lazima ubebwe na yule mwana, asiwe mtu wa kumsindikiza mama, na jambo hilo lilizusha ugomvi mkubwa kati yake na Claudia McNeil aliyeigiza mama. Mtu anaweza kusema ni ubinafsi wa nyota. Mimi naona alikuwa na haki kwa nusu: mama katika mchezo ule ana nguvu tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa, lakini anayebadilika ni mwana, na anayebadilika ndiye anayempa mwigizaji kazi. Kwa nusu nyingine Bibi McNeil alikuwa na haki pia.

Sasa tufike karibu na kwetu. Mwaka 1957 ilitoka filamu iitwayo Something of Value, iliyopigwa nchini Kenya wakati wa Hali ya Hatari, iliyodumu tangu mwaka 1952 hadi mwaka 1960. Poitier alikuwa Kimani, kijana Mkikuyu aliyekua pamoja na mtoto wa mlowezi, Rock Hudson akiwa ndiye mzungu huyo. Wako kama ndugu, mpaka siku Kimani anapopigwa kofi na shemeji ya rafiki yake. Kofi hilo linamfungua macho. Anaingia msituni, anakula kiapo cha Mau Mau, na mwisho anakufa shimoni, huku mtoto wake mchanga akichukuliwa na yule mzungu. Hadithi yenyewe ilitoka katika riwaya ya Mmarekani, Robert Ruark, na wenye nchi hawakuulizwa wangependa isimuliwe vipi. Msomaji wa pande hizi akiitazama leo atakunja uso mara nyingi. Lakini atazame macho ya Poitier baada ya lile kofi. Maandishi hayakumpa maneno mengi mahali pale. Alichofanya ni kukaa kimya, na kimya chake hakifanani hata kidogo na kimya cha yule mfagizi aliyemkataa.

Miaka kumi baadaye, kofi la pili. In the Heat of the Night, ya mwaka 1967, inamhusu mpelelezi mweusi kutoka Philadelphia anayejikuta akipeleleza mauaji katika mji mdogo wa Mississippi. Anakwenda kumhoji tajiri wa mashamba ya pamba ndani ya banda la kioo lililojaa maua ya okidi. Tajiri anakasirika kuulizwa, anampiga kofi. Palepale mpelelezi anamrudishia. Poitier alisimulia kwamba alikubali kazi kwa sharti hilo, kwamba kofi lirudishwe na sehemu hiyo isikatwe popote filamu itakapoonyeshwa. Wengine waliokuwamo katika kuitengeneza wamesema kofi la kujibu lilikuwa tayari limeandikwa. Yote mawili yanaweza kuwa na ukweli wake, kwani wenye kumbukumbu ya jambo kubwa ni wengi na kila mmoja alisimama upande wake. Lisilobishaniwa ni kwamba watazamaji wa mwaka ule, weusi na weupe, hawakuwa wamezoea kuona jambo kama hilo kwenye pazia la sinema.

Sharti jingine halina ubishi: alikataa filamu isipigwe Mississippi. Mwaka 1964 yeye na Belafonte walipeleka fedha taslimu, zipatazo dola 70,000, kwa vijana waliokuwa wakiandikisha wapiga kura weusi mjini Greenwood, Mississippi, na usiku ule walifukuzwa barabarani na magari ya watu wenye silaha. Hakuwa tayari kurudi huko kwa ajili ya sinema. Wakatafuta mji mwingine, Sparta, katika jimbo la Illinois.

Nisije nikamchora kama malaika. Zipo kazi alizozikubali shingo upande. Porgy and Bess ya mwaka 1959 hakuitaka kabisa. Aliona inawachora watu weusi vibaya. Akabanwa na wakubwa wa sinema hadi akaona kwamba asipoifanya hiyo, ataikosa The Defiant Ones aliyokuwa akiitamani. Akaifanya. Kwa upande mwingine, alipokuwa akitayarishwa kuigiza Blackboard Jungle ya mwaka 1955, alitakiwa kutia sahihi karatasi ya kuwakana Paul Robeson na Canada Lee, wasanii weusi waliokuwa wakiandamwa kwa siasa zao. Canada Lee ndiye aliyeigiza naye nchini Afrika Kusini katika Cry, the Beloved Country. Hakutia sahihi, na kazi akaipata vilevile.

Mwaka 1967 ulikuwa wa kilele chake, filamu tatu zikijaza majumba, na katika mwaka huohuo mwandishi mweusi, Clifford Mason, aliandika katika gazeti la New York Times makala ya kumshambulia. Lawama yake ilikuwa kwamba watu aliowaigiza Poitier walitengenezwa ili kuwafurahisha wazungu: wapole, safi, wasio na kasoro, wasio na jamaa wala mtaa wao. Wengi walimwonea huruma Poitier. Mimi nadhani Bwana Mason hakukosea kabisa. Daktari wa katika Guess Who's Coming to Dinner ni mwema na msomi kupita kiasi. Mtu wa namna hiyo hukutana naye njiani hata siku moja. Mwigizaji aliyekataa kuwa mfagizi asiye na hasira alikuwa sasa amewekwa katika chumba kingine chembamba, chumba cha mtu asiye na dosari. Tofauti ni kwamba chumba hiki kilikuwa na zulia. Na alikuwa peke yake ndani yake, kwani wakati huo Hollywood haikuwa na mweusi mwingine wa kugawana naye mzigo, mmoja awe mwema na mwingine awe mlevi au mwizi.

Jibu lake lilikuwa la vitendo. Alirudi kukaa Bahama kwa muda, kisha akashika kazi ya kuongoza filamu: Buck and the Preacher mwaka 1972, Uptown Saturday Night mwaka 1974, na Stir Crazy mwaka 1980. Katika nyingi za hizo, watu weusi wanacheka, wanadanganyana, wanacheza kamari, wanaogopa wake zao. Baada ya mwaka 1977 hakuigiza filamu yoyote kwa zaidi ya miaka kumi.

Limebaki jambo la faragha, ambalo wasomaji wa kurasa za nyumbani hulipenda. Poitier hakuwa mtu wa kuwafungulia waandishi mlango wa sebule yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, waandishi walipokuwa wakimuuliza maswali ya ghasia na rangi peke yake, aliwakemea hadharani: akawaambia kwamba yeye ni msanii, ni mwanamume, ni raia, ana mambo mengi, nao wamechagua kumuuliza moja tu. Kauli hiyo yaonyesha faragha alivyoielewa. Hakuficha kwamba ni mweusi wala hakuona haya. Alikataa wageni wamchagulie ni kipande kipi cha maisha yake kiwekwe mezani.

Mezani aliweka mwenyewe, kwa wakati wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1980, This Life, alieleza jinsi mapenzi yake na mwigizaji Diahann Carroll, yaliyoendelea miaka kadhaa wote wawili wakiwa na ndoa, yalivyoitikisa nyumba yake. Ndoa yake na Juanita, waliyofunga mwaka 1950, ilivunjika mwaka 1965. Hakujipamba katika kuyasimulia hayo. Mwaka 1976 alimwoa Joanna Shimkus, na jumla ya binti zake ikawa sita, wanne wa mama wa kwanza na wawili wa mama wa pili. Anayetaka kumhukumu ana ushahidi wa kutosha, na shahidi mkuu ni mshtakiwa mwenyewe.

Kitabu kingine alikitoa mwaka 2008, akiwa amepita miaka 80. Hicho hakikuandikwa kwa ajili ya waandishi wa magazeti wala watazamaji wa sinema. Ni mfululizo wa barua kwa kitukuu chake wa kike aliyekuwa bado mtoto mdogo, barua juu ya Cat Island, juu ya mzee Reginald na nyanya zake, juu ya woga, imani na kifo. Naye aliyeziandika ni yule kijana aliyenyang'anywa kitabu huko Harlem kwa sababu hakuweza kumaliza ukurasa mmoja.